Sakafu ya Naomi

Fundi Zuberi alizikwa Alhamisi, nami nikapata habari Ijumaa asubuhi, nikiwa kwenye foleni ya mkaa hapa Lemara. Mwanamke aliyekuwa mbele yangu alimwambia muuzaji kwamba kule Daraja Mbili wamempoteza yule mzee seremala, yule mrefu, aliyekuwa akiweka penseli nyuma ya sikio hata siku ya Idi. Hakutaja jina na mimi sikuuliza. Nilirudi nyumbani bila mkaa, nikakaa kwenye kiti cha jikoni mpaka mwanangu alipokuja kuniuliza kama ninaumwa. Nilimwambia siumwi. Kuna mwaka mmoja wa ujana wangu ambao mpaka siku ile nilikuwa sijawahi kumsimulia yeye wala mtu mwingine yeyote, na sasa naona yule mtu wa mwisho aliyekuwa na haki ya kuusikia kutoka kinywani mwangu amekwenda. Nauandika hivyo hivyo. Habari za nyumbani kwetu Akheri, za baba na mama na migomba, naziacha. Hawakuwa na kosa lolote katika jambo hili.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, nami nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Wakati ule kila mwenye uthubutu alikuwa anafungua kitu: duka, baa, gereji, mashine ya kusaga. Mashirika ya umma yalikuwa yanakufa moja baada ya jingine, na waliokuwa makarani na watunza stoo jana, leo tuliwakuta ni wakurugenzi. Nilipanga chumba cha uani nyumbani kwa Fundi Zuberi pamoja na Naomi, msichana wa Akheri kama mimi, aliyekuwa anashona sare za shule kwa fundi cherehani mmoja karibu na soko. Chumba chetu kilikuwa na dirisha moja, lililotazama jiko la Bi Rukia, mke wa Fundi. Saa zetu zilikuwa harufu: asubuhi tangawizi, karibu na adhuhuri vitunguu, jioni nazi, kwa maana watu wale asili yao ilikuwa Pangani na ndugu zao walikuwa wakiwaletea nazi ndani ya viroba kila walipopata mtu wa kupanda. Vitanda vyetu vilikaribiana kiasi kwamba nikinyoosha mkono niligusa chandarua cha Naomi. Yeye hakuweza kunyamaza. Aliimba sauti ya pili ya kwaya nzima iliyokuwa kichwani mwake akiwa anapiga pasi, akipima kila kitu kwa utepe wake wa kushonea, hata mkia wa paka. Bi Rukia alimpenda kupita kiasi. Kila wali ulipoiva, ukoko ulihifadhiwa pembeni ya sufuria, na sauti ikaja dirishani: "Naomi, chakula chako kiko tayari, uje kabla Mwanaidi hajakimaliza." Mwanaidi alikuwa binti yao, wa miaka kumi hivi. Tulikula nao mkekani karibu kila jioni, na sisi tukirudi kutoka kwetu mlimani tuliwaletea ndizi na maziwa ya mgando, na Bi Rukia akajaribu kupika loshoro, chakula chetu cha mahindi na maziwa hayo, ikamshinda, tukacheka wote.

Mimi nilikuwa kwenye yadi ya mbao. Mwenyewe alikuwa Bwana Severini, aliyetunza stoo katika shirika moja la mbao mpaka lilipofungwa, kisha akanunua mashine mbili za kuranda na akapata kiwanja nje kidogo ya mji. Watu waliojenga wakati ule walitaka sakafu za mbao kama walizoziona kwenye nyumba za zamani za wazungu wa mashamba, na Bwana Severini alikuwa akiwaletea mninga. Kazi yangu ilikuwa kupanga mbao za sakafu kwa urefu, kuzifunga mabunda kwa waya, na kuandika kwa chaki. Mbao hizo haziji urefu mmoja. Bunda moja lina ubao wa futi kumi, wa futi saba, wa futi tatu, na vipande vya futi moja na nusu ambavyo mtu asiyejua huviona kama takataka. Siku zangu za kwanza nilidhani ni wizi, na jioni moja nikamwambia Fundi hivyo wakati wa kula.

Aliweka tonge chini akacheka. Kesho yake ilikuwa Jumapili. Tuliporudi kanisani tukamkuta amelaza magogo matano uani, sambamba, kama boriti chini ya sakafu, na pembeni ana lundo la mabaki ya mbao. "Njooni wote wawili," alisema. "Naomi, wewe ukipewa hiari utachagua mbao za namna gani?"

"Za urefu mmoja, Baba. Zipendeze."

Akampangia. Alilaza mbao zote sawa, kichwa kwa kichwa, na viungio vyote vikaangukia nafasi ile ile katikati ya gogo na gogo, mstari mmoja kutoka upande mmoja hadi wa pili. "Haya, pita." Naomi alikanyaga, mbao zikainama, akaruka nyuma akipiga kelele. "Umeona? Hiyo si sakafu. Umejitengenezea mlango chini ya miguu yako." Halafu akazipanga upya, ndefu na fupi zikipishana, hakuna kiungio kilichotazamana na jirani yake, na kila mwisho wa ubao ukaukuta mgongo wa gogo. Naomi alipita, akarudi, akacheza. Fundi akatueleza polepole, kwa sauti yake ya kukwaruza, kwamba mchanganyiko wa urefu si kasoro, ndiyo nguvu yenyewe ya sakafu. Kwamba mti haukui kwa vipimo vya mtu. Lakini mnunuzi lazima aulize fupi ni ngapi. Fupi kidogo zinafaa ukutani, kabatini, pembeni ya mlango. Zikizidi, fundi hana pa kuzipeleka ila katikati ya chumba, na ubao usiofika kwenye boriti mbili umebebwa na matumaini tu. "Kwa hiyo usinunue bunda kwa kutazama ngozi yake," alisema. "Fungua tumbo." Nilikuwa nimechuchumaa karibu naye, nikajiona mwanafunzi mwenye bahati.

Miezi michache baadaye Bwana Severini aliniita kwenye kibanda chake. Mzigo wa mninga uliokuja ulikuwa mbaya, zaidi ya nusu ni vipande. Hakupandisha sauti. "Frida," alisema, "fupi ziwe tumboni, ndefu ziwe ngozi. Uzipange kichwa kwa kichwa mpaka zitimie urefu wa bunda, mtu asione. Ukishindwa niambie, wasichana wanaotafuta kazi ni wengi getini." Nilifunga mabunda yale kwa siku tatu. Vidole vilichubuka na waya, na nakumbuka kwamba nilijivunia jinsi yalivyokaa sawasawa.

Wiki hiyo hiyo Naomi alikuja yadi na mchumba wake Gideoni. Gideoni alikuwa mnunuzi wa kahawa, mmoja wa wale walioanza kununua wenyewe mlimani baada ya kuruhusiwa, mtu wa haraka, mkarimu, aliyevaa saa kubwa. Alikuwa anamjengea Naomi nyumba Akheri, kwenye mteremko: chini ghala la mawe la kahawa pamoja na mashine ya kumenyea, juu yake nyumba yenye sakafu ya mbao. Naomi alishika utepe wake shingoni. Alizunguka mabunda yale mara mbili, akapima, akapiga kofi juu ya mbao ndefu nyekundu. Kisha akasema, "Frida, nifungulie moja nione tumbo lake, kama Baba alivyotufundisha."

Bwana Severini alikuwa amesimama mlangoni mwa kibanda. Mimi ndiye niliyesema. "Zimekaushwa na kufungwa, Naomi. Ukifungua sasa zitanyonya unyevu kabla hazijafika mlimani." Maneno hayo hakunifundisha mtu, yalitoka yenyewe, tena kwa sauti ya mtu anayejua kazi. Akanitazama kwa imani, akamgeukia Gideoni: "Huyu ndiye anayezijua." Miaka yote nimejiambia kwamba niliogopa kupoteza kazi. Ni kweli niliogopa. Lakini siku ile, Naomi alipokuwa akigusa mbao za nyumba yake, mimi nilikuwa nafikiria chumba chetu kikiwa na kitanda kimoja, na nilihisi kitu kidogo kichungu ambacho hata leo sitaki kukipa jina.

Kazi ya kulaza sakafu Gideoni alimpa Fundi Zuberi, kwa sababu Naomi hakutaka mwingine. Fundi alipanda Akheri Jumatatu na kurudi Jumamosi. Alikuwa amemaliza upande wa jikoni na ukumbi mdogo, kwa mabunda mawili ya mzigo wa zamani yaliyokuwa juu ya lori. Lakini bunda la tatu alipolifungua alikuta vipande vitupu. Tulikuwa mkekani, kuna samaki wa kukaanga na mchicha. Naomi alikuwa kwao mlimani kwa maandalizi. Fundi alinawa mikono, akakaa, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, yale mabunda uliyafunga wewe?"

"Hapana, Baba. Yalikuja yamefungwa."

"Yote?"

"Yote."

"Basi huenda ni hilo moja lililochanganyika," alisema, akanisogezea kipande cha samaki chenye nyama. Angejua kwamba yote yako hivyo, angemfuata Gideoni usiku ule ule, siku bado zilikuwepo za kurudisha mzigo. Kwa neno langu alisubiri. Wiki iliyofuata alifungua bunda baada ya bunda, na ilipofika Jumatano akateremka mjini na zana zake zote. Gideoni alimfuata na pikapu. Walizungumza uani, nami nilikuwa chumbani, dirisha wazi.

"Shekhe, arusi imeshatangazwa kanisani," Gideoni alisema. "Unaniachaje?"

"Sijakuacha. Niongezee boriti katikati ya kila nafasi, au uniletee mbao nyingine. Zile nikizilaza hivyo zitalala, lakini watu hawatapita juu yake."

"Mbao ni mninga! Mninga unavunjika?"

"Mninga hauvunjiki. Penye kiungio hakuna mninga, pana hewa."

"Boriti mpya ni wiki tatu. Mimi sina wiki tatu. Wapo mafundi wanaotaka kazi."

"Mwambie Naomi kwanza," Fundi alisema. "Mwambie nilivyosema mimi." Gideoni akajibu kwamba mambo ya ujenzi si ya bibi arusi. Niliisikia pikapu ikiondoka. Wakati ule ningeweza kutoka nje nikamkimbilia, lango lilikuwa hatua ishirini. Nilikunja nguo zilizokuwa kitandani, nikazikunja tena.

Vijana wawili kutoka kwingine walimaliza sakafu kwa siku nne, wakaipaka vanishi ikang'aa. Naomi aliolewa. Jumapili ya pili baada ya arusi watu waliitwa kuibariki nyumba, mchana, mvua ikitishia, kwa hiyo badala ya kukaa nje wote wakaingia sebuleni. Mchungaji, wazee, mama mkwe, kwaya nzima ya vijana na watoto mikononi. Mimi nilisimama mlangoni mwa jikoni nikiwa nimeshika sinia la vikombe. Nilitazama chini kwa mazoea ya kazi. Chini ya miguu yangu viungio vilipishana vizuri, na vichwa vya misumari vilionyesha boriti ilipo. Mbele yangu, kuanzia kizingiti, palianza kazi ya wale vijana, na katikati ya sebule niliona viungio vikilingana, kimoja, cha pili, cha tatu, mstari ulionyooka kama umepigwa rula, bila msumari hata mmoja. Walichoka kukata, wakalaza vipande vya urefu mmoja pamoja. Nilijua kabisa ninachokiona. Kusema kungetaka nieleze nimejuaje, mbele ya mchungaji na mbele ya Naomi, na wimbo ulikuwa umeshaanza. Naomi alinipungia mkono kutoka katikati. "Frida, weka sinia uje huku! Sauti ya pili tuko wachache!" Nilitikisa kichwa, nikamwonyesha vikombe.

Katika ubeti wa pili wakaanza kuyumba pamoja, kama kwaya zetu zinavyofanya, kulia na kushoto. Mlio ulikuwa mdogo kuliko mtu anavyoweza kufikiri, kama kuvunja kuni kavu gotini. Mbao zilifunguka kwenye ule mstari, zikaelekea chini, na watu waliokuwa juu yake hawakuonekana tena. Wimbo uliendelea kidogo kwa wale wa pembeni, kisha ukakatika. Vikombe sikuviangusha. Hilo linanishangaza mpaka leo. Nilikuwa bado nimelishika sinia wakati Gideoni alipokuwa analala kifudifudi ukingoni, akiliita kwa sauti jina la Naomi kule chini ghalani.

Wengi walivunjika mikono na miguu. Naomi aliangukia mashine ya kumenyea kahawa, mgongo ukagonga gurudumu la chuma. Alikaa hospitali siku tatu. Siku ya pili niliruhusiwa kuingia. Uso wake haukuwa na jeraha lolote. Aliniuliza kama gauni lake limechafuka, kisha akasema, "Frida, siisikii miguu yangu tangu jana, usimwambie mama." Nilisema sitamwambia. Ndiyo siri ya mwisho tuliyokuwa nayo.

Siku ya maziko yake Fundi Zuberi na Bi Rukia walipanda Akheri. Fundi alivaa kanzu na koti la sufu, Bi Rukia alibeba kapu la mchele. Walifika kwenye ua wakati watu wanakaa, na kaka yake Gideoni akainuka akawazuia njiani, karibu na migomba. "Umekuja kutazama kazi yako?" alisema kwa sauti, ili waliokaa wasikie. Ni Fundi aliyeonekana akianza kazi ile, jina lake ndilo walilolijua, na wale vijana wawili hakuna aliyejua wametokea wapi. Gideoni alikuwepo. Aliinamisha kichwa, hakusema kwamba yule mzee alikataa. Mimi nilikuwa kwenye benchi la pili, pamoja na kwaya, nikiwa na kitambaa cheusi mkononi. Fundi alitazama watu waliokaa, mmoja mmoja, mpaka macho yake yakanifikia. Hayakunilaumu. Yalisubiri. Kisha alimshika mkewe kiwiko wakageuka, wakateremka na kapu lao la mchele.

Niliendelea kukaa kwao miezi minne. Hakuna aliyenifukuza. Chakula kilikuja kama zamani, tangawizi asubuhi na nazi jioni, na kitanda cha Naomi kilibaki wazi kando yangu kwa kuwa ndugu zake hawakuja kukichukua. Wateja wa mlimani waliacha kumwita Fundi. Alikuwa akitengeneza stuli na vitanda vya bei rahisi uani, tangu asubuhi, bila kuzungumza. Alasiri moja nilirudi kazini mapema, wao hawakujua, nikasikia Bi Rukia akisema jikoni, "Muulize yule binti. Anajua. Mama yeyote angeona kwamba anajua."

"Nimeshamuuliza," Fundi alisema.

"Muulize tena."

"Nikimuuliza mara ya pili nitakuwa nimemwita mwongo ndani ya nyumba yangu. Acha. Akiwa tayari atakuja mwenyewe."

Nilisimama kwenye korido mpaka miguu ikafa ganzi. Mwezi uliofuata nilipata kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi, nikahama. Fundi mwenyewe alibeba sanduku langu hadi barabarani, akaliweka juu ya mkokoteni, akazikagua kamba zake. Nilisema, "Shikamoo, Baba," kwa kukosa la kusema, wakati tulikuwa tumeshaamkiana asubuhi. Akaitikia, "Marahaba, mwanangu," akasubiri kidogo, akarudi ndani.

Jumamosi hii nimekwenda msibani. Bi Rukia alitangulia miaka mingi nyuma, nimeambiwa pale pale. Aliyekaa na wafiwa ni Mwanaidi, mama wa watu sasa, mnene, mwenye macho ya baba yake. Alinitambua kabla sijajitaja. Alinipisha mkekani, tukaomboleza, kisha nikamwomba tusogee kwenye baraza ya ndani, na nikamwambia yote: waya, mabunda, samaki, sinia la vikombe, benchi la pili. Sikulia, niliona si haki yangu kulia pale.

"Mama alikuwa akisema," alinijibu hatimaye. "Baba alikuwa akimnyamazisha." Akakunja pindo la kanga yake. "Ulikuwa nje ya nchi?"

"Hapana."

"Ulikuwa Dar?"

"Nipo Lemara. Nipo hapo tangu nilipohama kwenu."

"Lemara hii?" Aligeuza uso kuelekea upande huo, kana kwamba kupitia ukutani angeweza kuyaona mapaa. Mtu hutembea kwa miguu kutoka Lemara hadi pale, hata mwenye kikapu kichwani. "Alikuwa anasikia vizuri," alisema. "Miguu tu ndiyo ilimwishia. Masikio alikuwa nayo mpaka siku ya mwisho. Alikaa barazani hapo kila siku."

Aliinuka kwa kushika goti, kwani kulikuwa na wageni wapya mlangoni, wanawake watatu wa mtaa wenye mabeseni. Mmoja wao alinitazama, akamuuliza chini kwa chini yule dada ni nani, ni ndugu wa marehemu? Nilikuwa karibu kiasi cha kusikia.

"Hapana," Mwanaidi alisema, akipokea beseni. "Alikuwa mpangaji wetu."